Fundi katengeneza kichwa cha kifaru, kaharibu antena, halafu kamtaka "baba wa mtoto"

Nimekaa na hasira hii muda, nikasema ngoja ipoe nisije nikaandika ovyo. Haijapoa. Basi naandika hivyo hivyo.

Kuna duka la vifaa vya umeme hapa mjini Mwanza, si mbali na Makoroboi, lina fundi nyuma ya pazia anayetengeneza droni, redio za magari na vitu vya rimoti. Nilimpelekea kifaru changu. Changu mimi, si cha mtoto. Ni kifaru cha vita cha rimoti, modeli ya Tiger ya Wajerumani, ile kubwa ya 1/16 (sehemu moja ya kumi na sita ya kifaru halisi), nimeipaka rangi mwenyewe mpaka kutu za uongo kwenye minyororo. Kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mtutu, kilikuwa kinakwama. Ukisukuma kijiti cha rimoti kinatoa ka-ka-ka, kinaruka, kinasimama kabla mtutu haujafika unakotaka. Nilijua ni meno ya giya ndogo ya mota yamelika, na nikamwambia hivyo. Dada wa kaunta akaandika kwenye daftari: "kichwa, giya." Maneno mawili. Naomba myakumbuke.

Nilipokwenda kukichukua, jamani, niseme ukweli, nilitabasamu. Kichwa kilikuwa kinageuka taratibu kama shingo ya bundi, bila mshtuko, na unaweza kukisimamisha popote. Hata kilipotoka dukani kikiwa kipya hakikuwa hivyo. Halafu kikazidi, kikapita pale kilipokuwa kinagota zamani, kikazunguka duara zima na kuendelea. Kijana akaniambia kwa majivuno, "Nimekitoa kile kizuizi, sasa hakina mwisho." Juu ya kichwa kulikuwa na antena ya redio ya kuvuta, ile ya chuma inayong'aa. Hiyo nayo kaweka bila kuagizwa, na kwenye risiti ipo: 15,000. "Ili ishike mbali," akasema.

Nikalipa. Nilikuwa na haraka na bado nilikuwa natabasamu.

Jioni moja baada ya hapo tukaenda Capri Point na mtoto wa kaka yangu, kwenye mwamba mpana unaoteremka mpaka majini. Kifaru kinapenda mawe yale. Nikazungusha kichwa kulia, nikazungusha tena, raha tupu. Ndani, nyaya za mtutu na waya wa antena zilikuwa zinajisokota pamoja, na sisi tunacheka. Ghafla mtutu ukagoma kuinuka. Kifaru kilikuwa kinateremka, nikakiambia simama, hakikusikia. Risiva, kile kifaa cha ndani kinachopokea amri za rimoti, nyingine zikikosa mawimbi zinazima mota. Hii yangu inashikilia amri ya mwisho, na amri ya mwisho ilikuwa twende mbele. Mbele ni Ziwa Victoria. Yule mtoto aliruka na viatu vyake vya shule akakidaka maji yakiwa yameshafika kwenye minyororo. Mama yake bado hajanisamehe kwa vile viatu.

Nilipokifungua nyumbani nilitaka kulia. Kizuizi kile fundi alichokikata hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Kwenye modeli za bei hii nyaya zinapanda kutoka tumboni kwenda kichwani moja kwa moja, kwa hiyo kichwa lazima kigote mahali, kirudi. Ukitaka kizunguke bila mwisho unaweka pete ya kupitisha umeme, kidude ambacho upande mmoja unazunguka na mwingine umetulia, umeme unapita kwa mguso. Rada za meli pale bandarini zinazunguka kutwa nzima na hakuna waya unaokatika, mnafikiri ni miujiza?

Na antena! Risiva yangu ni ya gigahezi 2.4. Wimbi lake lina urefu wa sentimita kama 12 na nusu, na robo yake ni milimita 31 hivi. Ndiyo maana ncha iliyo wazi ya waya wa antena ni fupi vile: imepimwa. Ukiiunganisha na fimbo ya chuma ya nusu mita huongezi nguvu, unavuruga kipimo. Fimbo ndefu zilikuwa na maana kwenye rimoti za zamani za megahezi 27, ambazo wimbi lake lina mita 11. Antena yangu ilikuwa imelala nyuma, chini ya paa la plastiki, mbali na mota na betri, na plastiki haizuii mawimbi. Ilikuwa salama. Haikumwita mtu.

Nikarudi dukani. Nilianza kwa salamu, naapa. Nikamweleza kijana, kijana wangu, hapa nyaya zimesokotana, hapa lehemu imeachia. Hakuniangalia. Alikuwa anafunga skrubu za kitu kingine. Nilipofika kwenye robo ya wimbi akainua kichwa akasema, "Mama, hii mambo ni ya kiufundi kidogo. Mwambie baba wa mtoto aje tuongee naye."

Mtoto gani? Baba gani?

Nilimwambia kifaru ni changu. Akacheka, akamwangalia mteja mwingine, mwanaume, wakacheka wote. Halafu akanipa hoja yake ya mwisho: kwenye vifaru vya kweli antena iko kichwani. Vipi, mwanangu? Kifaru cha T-34-85 cha Warusi, sawa, redio yao ilihamia kichwani. Lakini T-34 za mwanzo antena ilikuwa ubavuni mwa bodi, na Tiger, hii hii iliyolala mezani kwako, antena yake ilikuwa juu ya bodi kwa nyuma. Nilimwambia yote hayo pale pale, watu wakasimama kusikiliza, na bado jibu likawa, "Sawa mama, baba akija tutaongea."

Nilitaka kutoa nyota moja, na hiyo moja ya dada wa kaunta, ambaye alinifuata mpaka nje kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake. Ila kila nikiwasha kifaru na kuona kichwa kinavyogeuka, nafsi inanisuta. Ile giya kaiweka vizuri sana. Kaichonga upya au kaitoa wapi sijui, ila hapa Mwanza sijaona mkono kama ule. Nyota tatu kwa giya, basi. Hapana, mbili. Nikikumbuka kile kicheko, hata mbili ni nyingi.

Antena nimeshairudisha mwenyewe: nimekata fimbo, nimemenya ncha kwa rula, nimeilaza mahali pake. Kizuizi nimegundisha kipande cha plastiki, kichwa kinagota tena na sina shida nacho.

Giya zikilika tena huenda nikampelekea yeye, Mungu anisamehe. Lakini 15,000 ya fimbo naitaka. Namba yangu ipo kwenye daftari lenu, kwenye ule mstari ulioandikwa "kichwa, giya", na simu nitapokea mimi mwenyewe.