Mnazi wa leo, mnazi wa jana na mvinyo wa Italia: nani anamfaa samaki wa kupaka? Tumeonja Malindi

Watazamaji wangu, habari zenu? Karibuni mezani. Leo tuko Malindi, na hapa mbele yangu kuna glasi tatu na sahani moja. Glasi hii ya kwanza ni mnazi, yaani tembo, ile pombe ya mti wa mnazi, uliogemwa leo. Ya pili ni mnazi wa jana. Ya tatu ni mvinyo mweupe mkavu kutoka Italia, umetoka kwenye barafu sasa hivi. Na sahani ni changu wa kupaka, bado anafuka moshi.

Niwaambie kwa nini nimepanga meza hivi. Malindi ukipita barabara ya Lamu, au ukiingia hoteli za ufukweni msimu wa wageni, hukosi kukuta bango la jioni ya chakula na mvinyo. Mimi nazipenda jioni hizo. Chakula cha pwani wanakipika, tena wengine wanakipika vizuri sana. Lakini fungua karatasi ya vinywaji: Italia, Afrika Kusini, pengine Ufaransa. Tui la kwenye samaki limetoka mnazini, makuti ya paa ulilokaa chini yake yametoka mnazini, na kinywaji kinachotoka kwenye mti huohuo hakimo. Hili linaniuma. Mnazi unaachiwa mangwe, vile vilabu vya mnazi huko nje ya mji, unaitwa pombe ya walalahoi, halafu hakuna aliyeuonja kwa makini na kusema una nini na umekosa nini. Basi leo tunauonja kwa vipimo vilevile tunavyoupimia mvinyo.

Wenzangu msiokunywa kileo, na Malindi ni wengi, msiondoke. Fungu lenu lipo.

Tuanze na rangi. Sogeza kamera hapa. Mnazi wa leo una weupe wa ukungu, na povu lake ni laini, linakaa juu ya glasi bila haraka. Ukiunusa unapata utamu wa nazi changa, na nyuma yake harufu ya unga uliokandwa ukaanza kuumuka. Mdomoni unaanza mtamu, katikati unachomachoma ulimi kwa gesi yake, mwishoni unaacha uchachu mdogo safi. Huu wa jana... rangi imefifia, povu hakuna, na harufu inakupiga kabla glasi haijafika mdomoni. Ni mkali. Wapo wanaoupenda hivi na siwalaumu, ila mimi kwenye meza ya samaki siuweki.

Tofauti yote hiyo ni ya saa tu. Mnazi haupikwi, wala hakuna anayeutia hamira. Hamira ya asili iko hewani na kwenye kibuyu chenyewe, na maji ya mti yakianza kudondoka, kazi imeanza. Yakitoka tu ni matamu, sukari tupu. Saa chache baadaye sukari imegeuka kileo cha asilimia 4 au 5 hivi, na ile gesi. Ukiuacha ukapitiliza siku, unaanza safari ya kuwa siki. Mvinyo wa zabibu una asilimia 12 hadi 14 na unakaa kwenye chupa miaka. Kwa hiyo mtu akikwambia mnazi ni mbaya, swali la kwanza ni: uliunywa saa ngapi baada ya kugemwa?

Nilitaka kuona kwa macho yangu, nikamfuata mgema shambani, upande wa Ganda. Jamani, kazi ile. Shina limechongwa vidato, anapanda kwa nyayo tupu, kotama, kisu chake cha kugemea, iko kiunoni na kibuyu kinaning'inia. Juu kule anashughulika na karara, yaani ua la mnazi likiwa bado limejifunga kwenye ganda lake. Amelizungushia kamba lisifunguke, amelilaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka ncha ikaangalia chini. Kila anapopanda anakata kipande chembamba mno kwenye ile ncha, chembamba hata mwanga unapita. Akikata kinene, karara linaisha kabla ya wakati wake. Asipokata, kidonda kinajiziba na maji yanakoma. Ndiyo maana anapanda asubuhi na anapanda tena jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Nikamuuliza, "Mzee, na ukichoka siku moja?" Akanijibu, "Mwanangu, nisipopanda leo, kesho hakuna kitu."

Na kuna jambo wanywaji wengi hatulifikirii: karara likigemwa, halizai nazi. Mwenye shamba anachagua, ama nazi ama mnazi. Kwa hiyo kila glasi hapa ina madafu na tui ambayo hayatakuwepo. Mimi tangu nilipolielewa hilo, siwezi tena kusema mnazi ni kinywaji cha kutupiwa senti.

Turudi mezani kabla samaki hajapoa. Huyu changu amepasuliwa, akapakwa kitunguu thomu, tangawizi, ndimu, chumvi na pilipili, akachomwa kwenye makaa mpaka ngozi ikashika. Tui zito limepikwa pembeni na ukwaju na bizari mpaka likawa rojo, ndipo akapakwa, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Angalieni hapa mgongoni, tui limekauka likashika rangi ya kahawia kwenye kingo, na hapa katikati bado linateleza. Hivi ndivyo anavyotakiwa. Tui likiwa jepesi linadondokea makaani na unabaki na samaki wa moshi.

Nikimega tonge, nikafuatisha mvinyo mweupe... mzuri. Uchachu wake unakata mafuta ya tui, mdomo unakuwa safi, unatamani tonge jingine. Waliouchagua walijua. Ila pilipili inausumbua kidogo. Kileo kikiwa kingi, pilipili inapanda. Sasa mnazi wa leo. Mmm. Hapa mambo ni tofauti. Gesi inakwangua tui kwenye ulimi, utamu unatuliza pilipili, na nazi ya kwenye glasi inakutana na nazi ya kwenye samaki. Kwangu mimi, kwa samaki huyu, mnazi wa leo umeushinda mvinyo. Sisemi hivi kwa sababu ni wa kwetu. Ingekuwa kamba wa kukaanga kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, wanavyopikwa kwenye mikahawa ya Kiitaliano hapa, ningechukua mvinyo bila kufikiri mara mbili. Mnazi pale unakuwa mtamu kupita kiasi. Na mvinyo mwekundu, tafadhali, usiuguse na samaki wa pilipili. Unageuka mchungu wa chuma mdomoni.

Wageni wa mjini huwa wanauliza kwa nini Malindi ina mvinyo wa Italia hivi, na pizza, na aiskrimu zao. Waitaliano walikuja miaka ya 1960 na mradi wa San Marco pale Ngomeni, kaskazini mwa mji, wakawa wanarusha roketi kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Setilaiti ya Uhuru iliruka kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970. Wahandisi wakaleta jamaa, jamaa wakajenga nyumba na mikahawa, na vijana wetu waliosimama kwenye majiko yale leo wanakanda tambi kwa mkono na kuongea Kiitaliano sokoni. Ni sehemu ya Malindi sasa, na nina fahari nayo.

Lakini kuhusu huo mvinyo nina lalamiko. Joto la hapa linaua mvinyo. Kuna mkahawa mmoja, sitautaja, niliagiza glasi ya mwekundu, chupa imesimama rafuni karibu na jiko, imefunguliwa siku nyingi. Nililetewa kitu kilichochacha kuliko mnazi wa jana, kwa bei ambayo kwenye mangwe ingewatosha watu watatu wakanywa wakashiba. Ukiagiza kwa glasi, omba uone chupa ikifunguliwa, au uliza imefunguliwa lini. Na mvinyo mweupe uje na barafu yake.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo mtu anapoharibikiwa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi na Jumapili. Mnazi uliogemwa alfajiri, ikifika saa kumi na moja tayari umeshakasirika. Kwa hiyo siku ya kazi usiulize tu "kuna mnazi?" Uliza "kuna wa jioni?" Muuzaji mwenye mangwe anajua sana, na ukiuliza hivyo naye anajua unajua. Mimi hupendelea Jumamosi mchana, mangwe yenye leseni, nikakaa na wazee nikanywa kwa mrija. Ule mrija ncha yake imefungwa nyuzi ili wadudu na takataka za mti zisipande. Ni kichujio, na kinafanya kazi nzuri kuliko vile vya plastiki.

Na msisahau wahenga, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Linatokea kweli. Mnazi uliotiwa maji unaujua kwa povu: linapanda kwa kelele halafu linakufa mara moja. Uliotiwa sukari unakwama kooni, utamu wake hauna mwisho safi. Ukikuta hivyo, rudisha kwa adabu.

Haya, fungu la wasiokunywa. Kwa samaki huyuhuyu, chukueni juisi ya ukwaju, isiyo na sukari nyingi. Inafanya kazi ileile ya mvinyo mweupe, inakata mafuta, na ukwaju tayari umo kwenye tui kwa hiyo vinaelewana. Dafu ni zuri peke yake, lakini kwa tui ni nazi juu ya nazi bila uchachu, linachosha. Ndimu na tangawizi pia inafaa. Na hoteli zinazoandaa hizi jioni, asiyekunywa msimpe soda ya chupa mkadhani mmemhudumia. Naye kalipia meza.

Ukipata nafasi ya siku nzima, teremka hadi Dabaso, kwenye hori la Mida, pale kikundi cha wenyeji kinapofuga kaa. Unapita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, unakaa juu ya maji, unaagiza sambusa za kaa. Nyama ya kaa imejaa mpaka pembeni, manda ni nyembamba. Nenda maji yakiwa yamejaa. Kuhusu samaki kwa jumla, wakati wa kaskazi ndio mzuri, nguru na jodari wanapatikana, na sulisuli ndio msimu wake. Kusi likivuma bahari inachafuka, mvua zikinyesha mto Sabaki unamwaga tope mpaka ufuo wa mji unakuwa mwekundu, na bei sokoni inapanda. Ukiwa hapa mwezi wa Juni usishangae.

Ninachowaomba wenye hoteli ni kitu kimoja. Jioni yenu ijayo ya chakula na mvinyo, muiteni mgema. Nunueni wa siku hiyo, mlipeni bei ya haki, uwekeni kwenye ndoo ya barafu, na kwenye karatasi ya vinywaji muandike shamba na saa uliyogemwa. Mgeni aliyetoka Milano mvinyo anao kwao. Hiki hana, na hawezi kusafirishiwa akakikuta kizima.

Na wewe unayetaka kubeba chupa ukaonjeshe watu Nairobi, sikiliza vizuri. Usiijaze mpaka shingoni na usikaze kizibo. Mnazi unaendelea kutoa gesi njiani, na chupa iliyokazwa itapasuka ndani ya basi, abiria wote watakuchukia. Ukifika ukakuta umeshakuwa mkali, usiumwage. Uache kwenye mtungi, ufunike kwa kitambaa mahali penye hewa, ugeuke siki. Ikishakolea, itie kwenye kachumbari au kwenye achari ya maembe mabichi.