Adobo ya Satwa na vya kuisindikizia: nimekula mara sita ndo naandika

Haya wapendwa, nlisema ntaleta ripoti ya adobo, kile kitoweo cha Kifilipino cha nyama na siki, na vitu gani vya kuilia, kwenye ule mgahawa wa Kifilipino wa hapa Satwa, Dubai, ule wa mtaa wa nyuma ukitokea kituo cha basi, na nimechelewa kwa sababu nlitaka kwanza niende zaidi ya mara moja nisije nikawapa maneno ya siku moja. Mpaka leo nimeenda mara sita. Jina sitalitaja maana kuna vitu viwili vitatu ntalalamika na sipendi kumharibia mtu riziki yake, ila ukizunguka Satwa, Karama au kule Al Rigga migahawa ya aina hii imejaa na mingi inaendeshwa kwa mtindo huo huo, kwa hiyo haya ntakayosema utayatumia popote utakapoingia.

Mtindo wenyewe wanauita turo-turo, yaani onyesha-onyesha. Vyakula vimepangwa kwenye trei nyuma ya kioo, unanyoosha kidole, unapakuliwa, unalipa, unakaa. Mi nimekuwa nalipa dirhamu 15 kwa kitoweo kimoja na wali, 20 kwa viwili, na vile vibakuli vidogo vya pembeni ni dirhamu 4 mpaka 6. Kwa bei za Dubai hiyo ni nafuu kabisa na sahani inashibisha. Kuhusu halali, nliuliza siku ya kwanza kabla hata sijakaa, nguruwe hawapiki kabisa, adobo yao ni ya kuku kila siku na ya ng'ombe baadhi ya siku. Ila kule kwao Ufilipino adobo ya nguruwe ni ya kawaida sana kwa hiyo we uliza tu, hawakasiriki.

Sasa kwa ambaye hajawahi kuila. Adobo ni nyama inayochemshwa taratibu kwenye siki na soya sosi, kitunguu saumu kingi kwelikweli, pilipili manga nzima nzima na yale majani makavu tunayotia kwenye pilau, mpaka mchuzi unapungua unabaki mzito unang'aa na mafuta yanaelea juu. Jina ni la Kihispania lakini upishi Wahispania waliukuta pale pale visiwani, mwaka 1613 padri mmoja wa Kihispania anaitwa Pedro de San Buenaventura alitoa kamusi yake ya Kitagalog na humo akaandika hiki chakula kama adobo ya wenyeji. Watu walikuwa wanatunza nyama na siki kwa sababu joto lenyewe la kule ni kama la Tanga tu, na siki ya mnazi wanayo, tembo likikaa likachacha ndo hiyo. Soya sosi ilikuja na Wachina, na hadi leo ipo adobo nyeupe isiyo na soya hata tone, wanaiita adobong puti. Nawaeleza haya yote ili mwelewe kwamba hicho ni chakula kilichotengenezwa kisiharibike, ndo maana chumvi iko juu, uchachu uko juu na mafuta yapo, na hapo ndo kesi ya vitu vya pembeni inapoanzia.

Siku ya kwanza nlikosea. Nliona pancit, tambi zile nyembamba za kukaanga na mboga, zimependeza, nikaona lumpia, zile kama sambusa za kuviringisha, nikasema niwekee vyote na adobo. Pancit ina soya sosi, lumpia imekaangwa kwenye mafuta na inachovywa kwenye sosi tamu, adobo yenyewe ndo hiyo, kwa hiyo kila nikihama kutoka kitu kimoja kwenda kingine mdomo haupumziki. Nlikula nusu nikafunga nusu nikaondoka nayo, na kiu ilinishika mpaka usiku. Tena lumpia zilikuwa za baridi, zimekaa toka asubuhi, hilo ni kosa lao na nimelikuta mara mbili.

Mara ya pili yule dada wa kaunta, wenyewe wanamwita Ate, yaani dada mkubwa, na mi nikaanza kumwita hivyo hivyo, akaniuliza mbona unachukua wali kidogo. Nikamwambia nataka adobo ndo iwe nyingi. Akacheka kwa upole akaniambia hapana, adobo ni ulam. Jamani hilo neno ulam nlivyolielewa nikaona kumbe hawa watu ni sisi. Ulam ni kitoweo! Kile cha kulia wali. Yaani Mfilipino kichwani mwake mwenye sahani ni wali, adobo imekuja kuutumikia wali, sawasawa na sisi tunavyosema leo kitoweo nini, hatuulizi leo tunakula nini na samaki. Kwa hiyo ukijiuliza adobo iliwe na nini jibu la kwanza na la pili ni wali, na wali mwingi, halafu ndo utafute kitu kimoja tu kidogo, kibichi au kichungu au cha maji maji, cha kuosha mdomo ili urudi tena kwenye wali. Kitu kimoja, viwili vikizidi sana.

Wali wao sasa. Ni mweupe, umepikwa kwa maji matupu, hauna chumvi, hauna mafuta, hauna nazi, na unashikana kidogo. Mtu wa pwani ukiuonja peke yake utasema huu hauna ladha, na mi nlisema hivyo hivyo, ila ukiumwagia ule mchuzi wa adobo unaona sababu, ile chumvi yote inapata pa kwenda. Mchana chukua huo mweupe. Asubuhi chukua sinangag, na hapa naomba niongee kidogo kwa sababu nimeipenda mno: ni kiporo cha wali wa jana, kinavurugwa kwa mkono punje ziachane, kinakaangwa na kitunguu saumu kilichokauka kikawa rangi ya dhahabu. Kiporo kabisa, wala hawafichi, wanakwambia wali wa leo hautoi sinangag nzuri kwa sababu una maji. Na adobo yenyewe ikilala inakuwa tamu zaidi, uchachu unatulia na nyama inakuwa imekunywa mchuzi, kwa hiyo ile sahani ya asubuhi ni kiporo juu ya kiporo na yai la kukaanga pembeni na ndo sahani bora kuliko zote walizonazo. Lalamiko langu ni kwamba saa nne asubuhi sinangag imeshaisha na hawapiki nyingine, nimeikosa mara mbili nimetoka zamu usiku kucha naiwaza.

Vibakuli vya pembeni nimevionja karibu vyote. Cha kwanza kwangu, na sidhani kama kuna kitakachokishinda, ni ensaladang talong. Biringanya zile ndefu nyembamba zinachomwa juu ya moto mpaka ganda linaungua jeusi, zinamenywa, zinapondwa kidogo na kuchanganywa na nyanya na kitunguu maji na siki kidogo. Ule moshi wa biringanya ukikutana na mafuta ya adobo, aisee, ni vitu vilivyozaliwa pamoja. Halafu ni laini, ya baridi, haina chumvi nyingi, unachota kijiko cha wali na nyama halafu kijiko cha biringanya. Kwa dirhamu 5 ningelipa hata 10.

Atchara inafuata. Hili neno mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja asiambiwe, ni achari ile ile, neno limesafiri kutoka huko Bara Hindi likafika kwao kama lilivyofika kwetu. Ila achari yao ni papai bichi limekunwa nyuzi nyuzi na karoti na pilipili hoho na tangawizi, limelowekwa kwenye siki na sukari. Ni tamu-chachu na inalia mdomoni ukiitafuna, ule ukakasi wa papai unakata mafuta vizuri sana. Tatizo ni kwamba siki ipo kwenye adobo tayari, kwa hiyo kama adobo ya siku hiyo ni chachu sana atchara inazidisha, na ya pale mgahawani wanaiwekea sukari nyingi kuliko ile anayotengeneza mwenzangu wa chumbani. Kidogo tu, kijiko kimoja cha chai kwa kila matonge matano hivi. Na samaki wa kukaanga au kuku wa kuchoma inakaa vizuri zaidi, maoni yangu.

Kuna embe bichi na bagoong, bagoong ni uduvi waliotiwa chumvi wakaachwa mpaka wakachacha. Watu wa pwani harufu haitawashtua. Mi naipenda embe ile kuliko maelezo, lakini na adobo hapana, chumvi juu ya chumvi, niile siku ya mboga za majani. Mayai ya bata ya chumvi, yale wanayopaka ganda rangi nyekundu ili yatofautishwe na mabichi, hivyo hivyo: yakikatwakatwa na nyanya nyingi yanaenda ila nyanya iwe mara mbili ya yai.

Mboga: kangkong inafanana na matembele yetu, na kweli ni ukoo mmoja na viazi vitamu, waambie wakupe ya kukaangwa na kitunguu saumu tu, kwa sababu kuna adobong kangkong pia na hiyo ni kurudia kitu kile kile. Pinakbet ina bamia, biringanya, boga na karela, ule uchungu wa karela unafaa mno, ila imeungwa na bagoong kwa hiyo chukua kidogo. Laing ni majani makavu ya magimbi kwenye tui zito na pilipili, kitu cha Bicol, mkoa mmoja wa kule Ufilipino, tamu hatari, lakini ni nzito mno, hiyo ile na wali peke yake.

Ijumaa wanapika monggo, choroko za kuunga na kitunguu na nyanya na majani, nasikia kwao Ijumaa ndo siku yake kwa ajili ya Wakatoliki kuacha nyama. Nlijaribu choroko, wali na adobo vipande viwili tu. Choroko za pale zina mchuzi mwingi na chumvi ndogo, zikachanganyika na ule mchuzi mweusi wa adobo chini ya sahani, nikanyamaza kimya nikala. Mama yangu angeelewa hiyo sahani bila kuelezwa kitu.

Basi nikaanza kujaribu na nyumbani, maana tunakaa wanne na wawili ni Wafilipina na jiko ni moja. Wali wa nazi na adobo: unaenda vizuri, nazi inatuliza siki, ila lazima wali usitiwe chumvi kabisa, na kama adobo yenyewe ni ile ya tui, adobo sa gata, basi achana na wali wa nazi vinakinaisha. Ugali: ndio, tena ndio kubwa, hauna chumvi na unachovya mchuzi, mwenzangu wa kutoka Batangas, mkoa mwingine wa Ufilipino, alikula akaongeza. Kule kwao Batangas wanapika adobo ya manjano, wanatia bizari badala ya soya sosi, nayo kwa ugali ilikuwa nzuri zaidi kuliko ile nyeusi. Chapati nimekataa, ina mafuta yake. Kachumbari inafanya kazi ya ensalada vizuri tu mradi usikamulie ndimu na usitie chumvi, nyanya, tango na kitunguu kilichooshwa basi. Mchicha wa kuchemsha mkavu pia. Aliye Dar au Tanga hana haja ya kutafuta papai la atchara, biringanya choma kwenye mkaa, ponda na nyanya, umemaliza.

Huduma nawapa nne kwa tano, chakula nne na nusu, usafi wa meza tatu, maana saa saba mchana meza zinanata na kuna kijana mmoja tu wa kufuta, masikini anakimbia huku na huku. Wali wa mchana siku moja ulikuwa mkavu wa juu ya trei, nlimwambia Ate akanibadilishia bila neno. Mchuzi wa adobo wa ziada hawalipishi, omba.

Oda yangu sasa hivi ni hii: adobo ya kuku paja, wali mara mbili, ensaladang talong, glasi ya maji ya kalamansi, vile vindimu vyao vidogo, bila sukari. Dirhamu 27. Nenda kabla ya saa sita na nusu kwa sababu ensalada inatengenezwa kidogo na inaisha mapema, ukikuta imeisha waambie wakukatie nyanya na kitunguu, wanakukatia papo hapo na mimi hawajawahi kunilipisha.