Saint-Pierre ya Martinique vitabuni: anza na Hearn, kisha uwapime wa leo

Anayetaka kuujua mji wa Saint-Pierre, katika kisiwa cha Kifaransa cha Martinique huko Karibi, kwa kusoma aanze na Two Years in the French West Indies cha Lafcadio Hearn, kilichotoka mwaka 1890. Mwandishi aliukuta mji ungali hai. Miaka 12 baadaye, asubuhi ya Mei 8, 1902, mlima wa volkano Pelée uliufuta pamoja na watu wapatao 28,000.

Usianzie ukurasa wa kwanza. Sehemu ya mwanzo ni safari ya meli toka kisiwa hadi kisiwa, na Hearn humwaga rangi za bahari na anga mpaka msomaji anachoka. Ruka hadi "Les Porteuses", sura ya wanawake wachukuzi. Msichana wa miaka 16 au 17 anabeba kichwani sinia la mbao lenye mzigo wa ratili 120 hadi 150, yaani kilo 54 hadi 68, anatembea maili 50 kwa siku, na ujira wake ni kama faranga 30 kwa mwezi. Hearn anaonyesha ngata inavyokaa na kwa nini mchukuzi hawezi kujitwika wala kujitua bila mwenzake: akijaribu, huenda akapasua mshipa. Hakuna mwongozo wa leo unaomkaribia mtu namna hiyo.

Fuatisha sura ya wanawake wafua nguo wa mto Roxelane. Sura ya "La Pelée" ibakize mwisho; anaupanda mlima ukiwa umelala, nawe unajua asichokijua yeye.

Kasoro yake kubwa ni kuwapanga watu kwa rangi ya ngozi kama muuza vitambaa, hata anapowasifu.

The Traveller's Tree cha Patrick Leigh Fermor (1950) kinafaa kuwa daraja kati ya Hearn na miongozo ya leo, ila kinapita visiwa vingi, hivyo usikitegemee kwa mji huu peke yake.

Miongozo mipya husaidia kwa magofu: jumba la maigizo, na kando yake seli alimonusurika mfungwa Cyparis. Lakini ipime kwanza. Ikisema mji ulifunikwa na lava, imekosea. Kilichoua ni wingu la gesi na majivu ya moto lililoporomoka mlimani kwa kasi. Ikisema Cyparis alipona peke yake, imemsahau fundi viatu Léon Compère-Léandre. Kosa linalorudiwa mno ni kwamba makao ya serikali yalihamia Fort-de-France baada ya janga. Yalikuwa huko tangu karne ya 17. Saint-Pierre ilikuwa mji wa biashara na starehe, na umaarufu huo ndio unaowapoteza waandishi.

Angalia pia mwaka wa toleo. Makumbusho aliyoanzisha Frank Perret, mtaalamu wa volkano, mwaka 1933 yalifunguliwa upya mwaka 2019 yakiwa na majina ya maelfu ya waliokufa. Toleo la kabla ya hapo linakuelezea makumbusho ya zamani.