Warsha ya Vinyasa kwa Bei Ile: Inalipa?

Haya, karibuni tena. Leo mezani sina simu wala blenda. Bidhaa ya leo haiagizwi ikaletwa na bodaboda: ni warsha ya yoga, ile ya mtiririko wanayoiita vinyasa. Jumamosi asubuhi, hapa hapa Dar, upande wa Masaki. Mwalimu ni mama mtu mzima, mkongwe wa kazi hii, na jina lake silitaji kwa sababu hakutaka mambo ya kamera.

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayosubiri. Hela ile ingekulipia madarasa manne ya kawaida, labda matano. Nami nasema inalipa, ila si kwa kila mtu. Kama unakwenda kutafuta jasho, utatoka umenuna.

Asubuhi karibu nzima iliishia kwenye Surya Namaskar, salamu ya jua, ile ya kwanza ambayo watu wa Ashtanga, aina ya yoga yenye mpangilio usiobadilika, wanaihesabu hatua 9. Vuta pumzi mikono juu, toa pumzi inama, vuta inua kifua, toa rudi nyuma ushuke. Mnaijua. Darasani tunazipiga fastafasta, spika inabamiza. Huku hakuna muziki kabisa. Kinachosikika ni pumzi za watu, na mama yule anapita katikati ya mikeka anasikiliza. Pumzi yako ikikatika anakusimamisha, hata kama mkao wako ni wa kupigia picha.

Halafu ikaja chaturanga, pale unapotoka kwenye planki unashuka nusu kama pushapu. Kulikuwa na kaka wa jimu, kifua hicho, mikono hiyo. Mwalimu akachukua mkanda, akaufunga kitanzi cha upana wa mabega, akampitishia juu kidogo ya viwiko. "Shuka, mwanangu." Kaka akashuka, kifua kikatua kwenye mkanda, kikakomea hapo, mabega yakiwa usawa wa viwiko. Unamwona anataka kuendelea kushuka kama alivyozoea, mkanda unamkatalia. Mikono ikaanza kumtetemeka. Mama akamwambia: "Hapo ndipo pako. Ukipita hapo, bega ndilo litakalolipa." Kisha akamwekesha magoti chini, kama sisi wengine.

Sasa piga hesabu. Darasa moja la vinyasa linaweza kukushusha hivyo mara thelathini. Bega likizama chini ya kiwiko kila mara, mzigo unahamia sehemu ya mbele ya bega, na huwezi kushangaa likianza kuuma. Mwalimu wa saa moja mwenye watu ishirini hapati muda wa kukuonyesha jambo hilo. Hapo ndipo hela yangu ilipokwenda, na siijutii.

Kitu kingine nilichokipenda: kila mtu alipewa kadi ndogo ya kuweka pembeni ya mkeka. Upande mmoja niguse, upande wa pili usiniguse, na unaigeuza muda wowote bila maelezo. Msione ni mbwembwe. Pattabhi Jois wa Mysore, India, aliyeieneza Ashtanga duniani, alifariki 2009, na baadaye wanawake kadhaa waliokuwa wanafunzi wake walisema hadharani kwamba aliwashika vibaya kwa kisingizio cha kuwarekebisha. Studio ikiwa na utaratibu wa namna hii, mimi naipa alama.

Wengi mnaniuliza mambo ya dini. Mwalimu alisema mapema: anayetaka kuimba Om, ile sauti takatifu ya Wahindu, aimbe, asiyetaka anyamaze. Dada mmoja mwenye hijabu mbele yangu alinyamaza, akafanya mengine yote, na hakuna aliyegeuza shingo.

Kasoro zipo. Watu walikuwa wengi mno kwa ukumbi ule, ukinyoosha mkono unamtia jirani kidole cha jicho. Feni mbili, jamani, kwa joto la Dar! Na muda wa maswali ulitekwa na bwana mmoja akatusimulia safari yake ya India mwanzo mwisho. Mwalimu angemkata, ila heshima ilimzidi.

Kama hujawahi kufanya yoga hata siku moja, anza na madarasa ya wanaoanza, zijue salamu za jua kwanza, ndipo uje kulipa hela hii. Kama unafanya tayari na mabega au viganja vinakusumbua, nenda hata kesho.

Na mkeka beba wako. Ile ya kuazima pale ni myembamba, magoti yanagonga sakafu, na jasho likiidondokea unateleza mpaka kwa mwenzio. Mkeka wa mpira asilia unashika vizuri zaidi, ingawa ni mzito kuubeba kwenye daladala, na usiuanike juani, utakatikakatika. Video ya mikeka inafuata, kwa hiyo niandikieni hapo chini mnatumia ipi na mmeinunua wapi.