Uzoefu wangu: kubadilisha linki za stabilaiza za mbele kwenye pikapu

Mlio ulianza kidogo kidogo, hata mwanzoni nikadhani ni spana iliyosahauliwa nyuma ya kiti. Kila nilipopita kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa, upande wa mbele kushoto uligonga ko-ko-ko. Lakini nilipopanda tuta huku magurudumu yote mawili ya mbele yakilikanyaga kwa pamoja, gari lilinyamaza kabisa. Ukimya ule juu ya tuta ndio niliopaswa kuuzingatia tangu siku ya kwanza. Badala yake nilibadilisha shokomzoba zote mbili za mbele, nikarudi barabarani na shokomzoba mpya na mlio uleule.

Fimbo ya stabilaiza ni chuma kirefu kilichopindwa mfano wa herufi U, ambacho katikati hushikiliwa kwenye chasisi na bushi mbili, yaani vipande vya mpira vinavyokizunguka, na kila ncha yake huungwa kwenye sispensheni ya gurudumu kwa linki. Magurudumu yakipanda na kushuka pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake na linki hazina kazi kubwa ya kufanya. Gurudumu moja likipanda peke yake, au bodi ikilalia upande kwenye kona, fimbo hujisokota ili kuzuia bodi isiinamie zaidi, na nguvu yote ya kujisokota huko hupitia kwenye linki. Kwa hiyo boljointi ya linki, yaani kile kiungo chake chenye kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, ikishalika, kila kishimo cha upande mmoja hugeuka kuwa nyundo, ilhali tuta halisemi kitu.

Kuhakikisha kulichukua dakika chache. Gari likiwa limesimama kwa matairi yote chini, breki ya mkono ikiwa imevutwa, niliingiza mkono na kuitikisa linki ya kushoto, nayo ikacheza na kutoa sauti ileile. Ya kulia haikuwa na mchezo mkubwa, lakini mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka na grisi iliyokuwa ndani imegeuka tope, kwa hiyo sikuona sababu ya kuiacha. Niliagiza zote mbili.

Seti niliyoinunua haikutoka kwa mtengenezaji wa gari, na kwa kuwa nina manung'uniko nayo, jina la chapa nitaliacha. Ni linki zenye boljointi kila mwisho, shina lake nene kuliko la zile za zamani, na kila boljointi ina nipo (chuchu ya kupampia grisi), jambo ambalo linki za awali hazikuwa nalo. Anayetaka kuagiza za kwake aangalie kwanza gari lake linatumia aina gani, kwa sababu zipo pikapu ambazo linki yake ni bolti ndefu yenye bushi za mpira na washa, na hata miongoni mwa zile za boljointi zipo ambazo ya kushoto haifanani na ya kulia. Mimi nilipima umbali kutoka katikati ya boljointi moja hadi katikati ya nyingine, kisha nikatazama bolti zake zinaelekea upande mmoja au zinapeana mgongo, ndipo nikaagiza.

Kufungua zile za zamani ndiko kulikonitoa jasho. Nilizimwagia mafuta ya kulainisha kutu jioni, nikasugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya asubuhi, na bado nati tatu kati ya nne zilizunguka pamoja na bolti yake. Bolti hizi zina tundu la pembe sita mwishoni, la kuingizia ufunguo wa aleni ili uizuie isizunguke huku spana ikigeuza nati. Lakini tundu lililojaa kutu halishiki ufunguo, na ukilazimisha unaliharibu moja kwa moja. Mbili zilikubali baada ya kuchokonoa matundu kwa msumari. Moja niliikata kwa msumeno wa chuma, na ningejua mapema ningeikata bila kupoteza saa nzima nikiibembeleza.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeinua gurudumu la kushoto peke yake, nikashangaa kwamba linki mpya haifiki kwenye tundu lake, ikipungua kama upana wa vidole viwili, na kwa muda nikaamini kwamba nimeuziwa saizi isiyo yangu. Linki haikuwa na kasoro: gurudumu moja likining'inia huku jingine limekanyaga chini, fimbo ya stabilaiza inakuwa imesokotwa, na ncha zake haziwezi kukaa mahali pake. Nilipoinua pande zote mbili kwa kimo kimoja na kuliegemeza gari kwenye stendi imara chini ya chasisi, linki ziliingia kwa mkono bila kugongwa. Jeki peke yake isiaminiwe kwa kazi hii, kwa sababu unavuta spana kwa nguvu huku kichwa kikiwa chini ya tao la tairi.

Manung'uniko yangu juu ya seti ni mawili. La kwanza, karatasi iliyokuja nayo ina picha tu na haitaji nguvu ya kukazia nati, hivyo mnunuzi hulazimika kurudi kwenye kitabu cha huduma cha gari lake. Nati iliyolegea italeta mlio upya, na iliyokazwa kupita kiasi inaweza kuvuta nyuzi za bolti. La pili, kati ya nati nne za kujifunga zenye pete ya nailoni, moja ilikuwa na nyuzi zilizokatwa vibaya, ikagoma baada ya mizunguko miwili. Nilinunua nyingine kando, kwa sababu nati ya aina hii ikishatumika pete yake hupoteza mshiko, na sikutaka kurudisha ya zamani.

Matokeo yalionekana kabla sijafika barabara kuu. Mlio ulikwisha, na kwenye kona bodi hailali tena kwa ule uzito wa kuchelewa ambao nilikuwa nimeuzoea nikidhani ndiyo tabia ya pikapu. Sikwenda kupima alaimenti, ingawa nilishauriwa hivyo, kwa kuwa linki hazipangi pembe za magurudumu. Nilichofanya ni kukaza tena nati za rimu baada ya kilomita 100 hivi.

Sasa linki zimetembea kilomita 9,000, nyingi zikiwa za barabara ya vumbi na mzigo nyuma. Nimezitikisa tena kwa mkono na hazina mchezo wowote. Hata hivyo mpira wa chini upande wa kulia unavuja grisi shingoni, na nadhani nimeuonea, kwani siku ya kuzifunga nilipampu hadi ukatuna kama puto, wakati ulihitaji kujaa tu. Naipa seti hii nyota nne kati ya tano, ile ya tano imeondoka na nati mbovu na karatasi isiyosema kitu. Kwenye huduma ijayo ya oili nitaufuta ule mpira, niongeze grisi kwa pampu mbili tu, kisha nitazame kama uvujaji umekoma.