Zotero kwa bibliografia yenye maelezo: nusu ya kazi inafanya vizuri

Mhadhiri akiagiza bibliografia yenye maelezo, anataka vitu viwili kwa kila chanzo. Kwanza rejeo lenyewe, kwa mtindo wa marejeo aliouchagua, kama APA, MLA au Chicago. Kisha, chini yake, aya ya maneno kama 100 hadi 200 inayoeleza mwandishi anadai nini, ushahidi wake una uzito gani na chanzo hicho kinaisaidiaje mada yako. Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, inakufanyia la kwanza. La pili bado ni lako.

Programu ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti muda wote. Bando linaliwa wakati wa kuvuta vyanzo na kulandanisha (sync) tu.

Ukiwa na ISBN ya kitabu au DOI ya makala (namba za kukitambulisha chanzo), bofya alama ya kifimbo juu, bandika namba, na taarifa zinajijaza. Kitufe chake cha kwenye kivinjari ni chepesi zaidi, ila kitumie ukiwa kwenye ukurasa wa jarida lenyewe. Ukivuta kutoka Google Scholar, rejeo mara nyingi huja pungufu: DOI haipo, au jina la jarida limekatwa. PDF iliyoskaniwa kama picha tupu haitambuliki kabisa, jaza kwa mkono.

Wanafunzi wengi wanakwama kwenye maelezo. Wanayaandika kwenye "Notes", wanatoa bibliografia, na hakuna hata sentensi moja iliyotokea. Notes haziingii kwenye bibliografia. Andika aya yako kwenye kisanduku cha "Extra", kisha pakua kutoka hazina ya mitindo ya Zotero ule mtindo wa Chicago wenye neno "annotated" katika jina lake: mtindo huo huchapa kilichomo kwenye Extra chini ya kila rejeo. Kwa APA upo mtindo unaochapa kilichomo kwenye kisanduku cha "Abstract" (ikisiri). Huo una hatari yake, kwa sababu Zotero huvuta ikisiri ya makala na kuijaza hapo yenyewe. Usipoifuta na kuandika ya kwako, utakuwa umewasilisha maneno ya mtu mwingine, na huo ni wizi wa kitaaluma hata kama umefanyika kwa uzembe.

Mpangilio wa aya umalizie kwenye Word. APA inataka aya nzima ya maelezo iingie ndani sentimita 1.27, MLA sentimita 2.54, usitegemee programu ipatie hapo.

Vyanzo vya Kiswahili vina vituko vyake. Zotero hudhani kila kitu ni Kiingereza, kwa hiyo katika Chicago na MLA kichwa kama "Nafasi ya lugha katika elimu" kinaweza kutoka "Nafasi Ya Lugha Katika Elimu". Dawa ni kuandika sw kwenye kisanduku cha "Language", basi. Taasisi nazo hukatwa kama majina ya watu: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili inaweza kugeuka kitu kama "Kiswahili, T. ya U. wa", jambo ambalo mhadhiri yeyote wa isimu ataliona kabla hajafika mstari wa pili. Kando ya jina la mwandishi kuna alama ndogo ya kubadili visanduku viwili kuwa kimoja. Ibofye, uandike jina zima.

Kuhusu malipo: bure unapewa MB 300 za kuhifadhi mafaili, na GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Kwa kozi ya chuo usilipe. Marejeo na maelezo yako yanalandanishwa bila kikomo. Kinachojaza nafasi ni PDF. Zima ulandanishaji wa mafaili kwenye mipangilio, kisha nakili folda ya Zotero kwenye flashi mara kwa mara, programu ikiwa imefungwa, maana PDF zako sasa zipo kwenye kompyuta hiyo moja tu.