Mizani ya kioo ya nyumbani kwa mama kijacho: uzoefu wangu

Mizani yenyewe ni ile ya kioo yenye vibati vinne vya chuma juu, inayouzwa Kariakoo kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Nimeitumia kuanzia wiki ya 6 ya mimba hadi ya 19. Kwa kupima kilo naipa nyota nne. Kwa hayo mengine inayojigamba nayo (asilimia ya mafuta, maji, misuli, "umri wa mwili") sitoi hata moja.

Nianze na hayo mengine, maana ndiyo yanayomtia mtu hofu. Vibati vile hupitisha mkondo mdogo wa umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha mizani inakisia mafuta kwa kuangalia umeme umepita kwa urahisi kiasi gani. Mjamzito huongezeka maji na damu mwilini mapema, kwa hiyo makisio yote yanakwenda kombo. Kijitabu cha maelekezo kinasema wazi kwamba wajawazito na wenye kifaa cha moyo wasitumie kipengele hicho, ila kwa herufi ndogo ajabu. Dawa yake ni rahisi: panda na soksi. Umeme haupiti, na kilo zinasomeka kama kawaida. Ukipata ya kioo kitupu isiyo na vibati, chukua hiyo, na huwa nafuu.

Kila mguu wa mizani una kihisi kinachopinda kidogo kwa uzito, na mashine hujumlisha vyote vinne. Ndiyo maana sakafu ni nusu ya kipimo. Juu ya zulia au jamvi tumbo la mizani hugusa chini, sehemu ya uzito inapotea, na unasoma pungufu. Kwenye vigae, mguu mmoja ukiangukia ufa, namba inarukaruka. Chagua kigae kimoja na uiache hapohapo. Ukiihamisha, ikanyage mara moja, ngoja izime, ndipo upime; lile kanyago la kwanza ni la kujiweka sawa tu, usiliandike.

Kuijaribu huhitaji fundi. Jaza maji dumu la mafuta ya kula la lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, na dumu lenyewe lina gramu mia na kitu. Usiliweke dumu peke yake juu ya mizani, kwa kuwa nyingi haziamki kwa uzito mdogo. Jipime, shuka, panda tena umelishika. Tofauti ikiwa 5.1 au 5.2, mizani ni nzima. Yangu ilitoa 5.1. Kuna ujanja mwingine wa kuujua: nyingi za bei hii hukumbuka namba ya mwisho, na ukirudi na tofauti ndogo ya gramu mia mbili au tatu hukurudishia ileile, ili ionekane haiyumbi. Ya kwangu inafanya hivyo. Kuivunja tabia hiyo, panda kwanza na lile dumu mkononi, kisha panda bila dumu.

Halafu kuna kitufe chini ya tumbo cha kubadilisha kilo kuwa paundi. Mtoto akikichezea, kilo 58 zinageuka 127.9, na asubuhi hiyo huna haja ya chai kukuamsha.

Sasa matumizi yenyewe. Mara moja kwa wiki, siku ileile, umeamka, umekwenda haja ndogo, hujanywa kitu, kanga moja na soksi. Kupima kila siku ni kujitesa: chumvi ya jana, choo kilichofunga au glasi tatu za maji vinaweza kupeleka namba kilo nzima juu au chini. Mizani ya kliniki utaipanda na nguo zako na kifungua kinywa tumboni, kwa hiyo haitalingana na ya nyumbani. Usihangaike kuzipatanisha. Kila moja iwe na safu yake daftarini. Cha kufuata ni mwendo wa kila safu.

Namba inatakiwa ifanye nini? Miezi mitatu ya kwanza, karibu haifanyi kitu. Kuongezeka nusu kilo hadi kilo 2 kwa kipindi chote hicho kunatosha. Lengo la ujauzito mzima linategemea ulivyoanza: gawanya kilo zako za kabla ya mimba kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 58 na mita 1.60 anapata 22.7. Kati ya 18.5 na 24.9, lengo ni kilo 11.5 hadi 16. Chini ya hapo ni 12.5 hadi 18. Kuanzia 25 hadi 29.9 ni 7 hadi 11.5, na kuanzia 30 ni 5 hadi 9. Hii ni kwa mtoto mmoja. Pacha wana hesabu yao. Baada ya mwezi wa tatu, aliyeanza na uzito wa wastani huongezeka kama gramu 400 kwa wiki.

Kwa hiyo ule wosia wa shangazi, "kula kwa watu wawili", hauna kazi miezi mitatu ya kwanza. Nyongeza ya chakula inayohitajika kipindi hiki ni sifuri. Hata mwezi wa nne ukianza ni kama kalori 340 kwa siku: kikombe cha maziwa, yai la kuchemsha na kiazi kitamu cha wastani, basi. Sahani ya chipsi yai inaipita hiyo mbali. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30 na haina kingine cha kumpa mtoto.

Mizani inaonyesha thamani yake hasa pale namba inaposhuka. Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, hukolea karibu na ya 9, na kwa wengi hulegea kufikia ya 14 au ya 16. Kupungua kilo moja humo si ajabu. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba (kwa aliyeanza na 58 ni kilo 2.9), au mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai, au hata maji hayakai tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo na daftari lako mkononi. Namba za wiki nne zinamwambia daktari zaidi ya "nimekonda sana".

Kabla ya kufika huko: kipande cha mkate mkavu au mhogo wa kuchemsha kitandani kabla ya kuinuka, chakula kidogo kila saa mbili au tatu, maji kwa mafunda katikati ya milo badala ya kuyashushia chakula. Kidonge cha madini ya chuma kikikuchafua, kimeze usiku baada ya kula, na chai ikae mbali nacho kwa muda wa saa moja au mbili kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Limau kwenye mchicha au chungwa baada ya dagaa hufanya kinyume chake. Udongo wa pemba nao unazuia chuma, achilia mbali uchafu wake. Maini nashauri yakae kando miezi hii, hata kama mtaa mzima unasema yanaongeza damu: gramu 100 za maini ya ng'ombe zinapita kikomo cha vitamini A cha mikrogramu 3,000 kwa siku.

Asidi ya foliki haingoji kichefuchefu kiishe. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wengine hata hawajapima bado. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.4 kwa siku. Duka la dawa mara nyingi litakupa kidonge cha miligramu 5. Uliza, kwa sababu kipimo hicho kikubwa hudhoofisha SP, dawa ya kinga ya malaria inayoanza kutolewa kuanzia wiki ya 13.

Kwenye mazoezi mizani imenipa faida ambayo haikutangazwa kwenye boksi. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, yaani kutembea haraka nusu saa siku tano, kwa kasi unayoweza kuongea lakini si kuimba. Jipime kabla na baada. Matembezi ya dakika 45 kwenye joto la Dar yakikupunguzia 0.5, hayo ni maji, si mafuta: nusu lita irudi kwa mafunda saa inayofuata. Ikizidi hapo, umetembea jua limeshapanda. Hamia alfajiri, maana mwili kuchemka sana wiki hizi si salama. Damu, kizunguzungu au maumivu ya kifua vikitokea, simama na utafute huduma.

Kasoro ni betri. Ya duara aina ya CR2032 iliyokuja nayo iliisha wiki ya 11, na kabla ya kuandika "Lo" ilikuwa tayari inasoma pungufu kwa gramu 600. Nimeijua kwa dumu. Kwa mwenye sakafu ya udongo au ya mbao inayoyumba, asiinunue. Mizani ya kliniki kwa kila hudhurio, kuanzia kabla ya wiki ya 12, itamtosha, na fedha hiyo inunue mayai.